Kupima na kuongeza kasi ya Wi-Fi kwenye Linux na BSD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watumiaji wa Linux, pamoja na wachache wa FreeBSD na OpenBSD (mifumo ya familia ya BSD), hunirudia nayo mwezi hadi mwezi. Mengi huanza na "nibadilishe mpangilio gani?", nami hujibu kwa kuuliza, "umepima wapi na kwa nini?" Ndiyo maana sehemu ya kupima imetangulia ile ya kuboresha. Anayeanza kugusa mipangilio kabla ya kupima hawezi kujua kilichomsaidia.

Katika amri zote nimeandika `wlan0`. Kwako jina linaweza kuwa `wlp2s0` au jingine. Andika `iw dev` utaliona.

## Misingi

Kifurushi changu ni cha 50 Mb/s lakini laptopu inapata 15. Kosa ni la Linux?

Huenda, ila bado hujui. Data yako inapita njia yenye vipande vitatu: hewani kati ya laptopu na ruta, kisha kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, kisha kutoka kwa mtoa huduma hadi seva iliko, ambayo inaweza kuwa Nairobi, Marseille au Virginia. Tovuti za kupima kasi hupima vipande vyote kwa pamoja na kukupa namba moja. Namba hiyo haikwambii kipande kipi kimeziba.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Siku hiyo hata ungebadilisha chaneli mara mia usingepata kitu. Ukurasa huu unahusu kipande cha kwanza tu, cha hewani, kwa sababu ndicho kilicho mikononi mwako. Kukipima peke yake kumeelezwa chini ya "Nipime kwa programu gani?"

Megabiti na megabaiti ni kitu kimoja?

Hapana. Megabaiti moja ni megabiti 8. Faili likishuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde, laini yako inapitisha 40 Mb/s. Nusu ya malalamiko ya "napata sehemu ndogo ya nilicholipia" huishia hapa.

Kompyuta inasema imeunganishwa kwa 866 Mb/s. Mbona faili halizidi 500?

Kwa sababu 866.7 ni kasi ya biti wakati pakiti (kifungu kidogo cha data) yenyewe iko hewani, na pakiti haiko hewani muda wote. Kwenye Wi-Fi ya kawaida anaongea mmoja kwa wakati, kwa hiyo laptopu haitumi na kupokea kwa pamoja kwenye chaneli ileile. Kila mmoja husikiliza kwanza kama hewa iko wazi, hungoja kidogo, hutuma, kisha hungoja jibu kwamba imefika. Juu ya hayo ruta hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, na majirani wa chaneli yako wana zamu zao.

Kanuni ninayoitumia: tarajia asilimia 50 hadi 70 ya kasi ya muunganisho. Kadi ya 802.11n (Wi-Fi 4) yenye mkondo mmoja, yaani antena moja, kwenye chaneli ya 20 MHz huunganishwa kwa 72.2 Mb/s, hivyo ukipata 45 shukuru. Mikondo miwili kwenye 40 MHz ni 300. Wi-Fi 5 yenye mikondo miwili kwenye 80 MHz ni 866.7, na Wi-Fi 6 kwa upana huohuo ni 1201. Ikiwa uko ndani ya kiwango hicho cha asilimia, kadi inafanya kazi yake. Unachoweza kufanya ni kupandisha kasi ya muunganisho wenyewe.

## Kupima

Nipime kwa programu gani?

`iperf3`. Ni programu huria inayotunzwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa Marekani, na imo kwenye hazina ya karibu kila mfumo: `sudo apt install iperf3`, `sudo dnf install iperf3`, na kwenye FreeBSD `pkg install iperf3`.

Unahitaji kompyuta mbili. Ya kwanza iunganishe na ruta kwa kebo, kisha andika:

`iperf3 -s`

Ya pili ni laptopu yako iliyo kwenye Wi-Fi. Kama kompyuta ya kebo ina anwani 192.168.1.10, andika:

`iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -O 3`

`iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -O 3 -R`

Amri ya kwanza hupima laptopu ikituma. Ya pili, yenye `-R`, hupima ikipokea, na huo ndio upande unaousikia unapopakua kitu. Pima pande zote mbili kila mara, maana mara nyingi upande mmoja ndio mbovu. `-t 30` hupima kwa sekunde 30 badala ya 10 za kawaida, na `-O 3` huacha sekunde 3 za mwanzo ambapo TCP, itifaki inayohakikisha kila pakiti imefika, bado inajivuta.

Ikigoma kuunganisha, mara nyingi ni ukuta wa moto upande wa seva. Fungua mlango 5201 wa TCP, na wa UDP pia ukitaka kupima UDP, itifaki isiyongoja uthibitisho. Hakikisha pia pande zote ni `iperf3`. `Iperf` ya zamani haielewani nayo.

Sina kompyuta ya pili yenye kebo. Naweza kuweka iperf3 kwenye ruta yenyewe?

Kwenye OpenWrt, mfumo huria wa Linux wa kuweka kwenye ruta, inawezekana, lakini soma matokeo kwa tahadhari. Ruta imeundwa kupitisha pakiti. Kuzitengeneza ni kazi nyingine, na prosesa zake nyingi ni dhaifu. Fungua `top` kwenye ruta wakati wa kipimo: prosesa ikiwa imejaa, namba uliyopata inapima prosesa, na Wi-Fi yako huenda ni nzuri kuliko inavyoonekana.

Kutumia vifaa viwili vyote vikiwa kwenye Wi-Fi ileile nako kuna kasoro yake: kila pakiti hupita hewani mara mbili, kwenda ruta na kutoka ruta, kwa hiyo utapata karibu nusu. Kama una simu ya Android pekee, weka Termux (programu ya terminali) na uandike `pkg install iperf3` humo, kisha kumbuka hiyo nusu unaposoma. Bora zaidi ni kuazima kompyuta yoyote kuukuu yenye tundu la kebo, mradi tundu hilo ni la gigabiti (swali lifuatalo linaeleza kwa nini).

Matokeo yamegota kwenye 94 Mb/s, hayapandi hata nikikaa ubavuni mwa ruta. Kwa nini?

Unapima kebo. Namba 94 ni alama ya vidole ya Ethaneti ya 100 Mb/s: kila fremu huchukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya na ndani yake data yako ni 1448, yaani asilimia 94. Ukiona 93 au 94 isiyotikisika, acha Wi-Fi, nenda kwenye kompyuta ya kebo uandike:

`sudo ethtool eth0 | grep Speed`

Ikisema `100Mb/s`, umeshapata jibu. Tundu la ruta linaweza kuwa la 100 tu, jambo la kawaida kwa ruta za bei nafuu, au kebo ina hitilafu. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya ilhali 100 Mb/s inahitaji mbili tu. Jozi moja kati ya zile mbili za ziada ikikatika, vifaa hushuka kimyakimya hadi 100 na taa zinaendelea kuwaka kijani.

Hili nimelipitia mwenyewe. Kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja nilishinda siku nzima nikibadilisha chaneli na kuhamisha ruta kutoka dirishani hadi juu ya kabati, na kila kipimo kikatoa 94. Jioni nikaikata kichwa kebo ya seva. Waya wa kahawia haukuwa umefika mwisho wa plagi. Nilipobana kichwa kipya, kipimo cha kwanza kilitoa zaidi ya 300, kwenye chaneli ileile niliyoanza nayo asubuhi. Tangu hapo `ethtool` huja kabla ya kitu kingine chochote.

Kila nikipima napata namba tofauti. Niamini ipi?

Iliyo katikati. Pima mara tano, zipange, chukua ya tatu. Laptopu ibaki mezani palepale ikielekea upande uleule, kwa sababu kuisogeza kiganja kimoja kunaweza kubadilisha matokeo. Pima asubuhi na pima saa mbili usiku majirani wakiwa wamerudi. Andika kwenye daftari: saa, mahali, chaneli, kutuma, kupokea. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu kisha pima tena.

Nilipima kwa UDP nikapata 1 Mb/s. Wi-Fi imekufa?

Haijafa. `iperf3 -u` hutuma 1 Mb/s usipoitajia kiwango. Andika `-u -b 200M` na uangalie asilimia ya pakiti zilizopotea. Kwa matumizi ya kila siku TCP inatosha.

Nisome vipi majibu ya `iw`?

Andika `iw dev wlan0 link` wakati kipimo kinaendelea. Kwenye Wi-Fi isiyo na kazi namba hizi hudanganya, kwa kuwa kadi hushusha kasi ikiwa imetulia. Utaona kitu kama hiki:

`signal: -61 dBm`

`rx bitrate: 866.7 MBit/s VHT-MCS 9 80MHz short GI VHT-NSS 2`

`tx bitrate: 390.0 MBit/s VHT-MCS 4 80MHz short GI VHT-NSS 2`

Anza na `signal`. Ni namba hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Kwenye -50 uko karibu na ruta, hadi -67 kazi zote zinakwenda vizuri, na ukipita -75 usitegemee mengi.

VHT maana yake ni Wi-Fi 5 (HT ni Wi-Fi 4, HE ni Wi-Fi 6). `80MHz` ni upana wa chaneli, na `NSS 2` ni mikondo miwili, yaani antena mbili zinafanya kazi. MCS ni ngazi ya usimbaji, na kwenye VHT huishia 9. Katika mfano huu ruta inasikika laptopuni kwa ngazi ya juu kabisa, lakini laptopu inatuma kwa ngazi ya 4. Laptopu hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta, au kuna kelele upande wa ruta ambayo laptopu haiisikii. Sasa andika `iw dev wlan0 station dump` utazame `tx retries`. Ikipanda kwa maelfu wakati wa kipimo cha sekunde 30, pakiti nyingi zinarudiwa.

## Kuboresha

Nianze na nini?

Mahali pa ruta. Hakuna amri ya Linux inayolingana na kuisogeza ruta mita tatu. Iinue, iweke wazi, itoe nyuma ya televisheni na mbali na friji. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar au mji wa kale wa Mombasa, zenye kuta nene za mawe na chokaa, ukuta mmoja unaweza kuimaliza bendi ya 5 GHz. Huko ni heri kuvuta kebo hadi chumba cha pili na kuweka kituo kingine cha Wi-Fi kuliko kununua ruta yenye antena nane. Mabati nayo hurudisha mawimbi: ruta iliyo ndani ya kibanda cha mabati haisikiki uani.

Pili, hamia 5 GHz kama kadi yako inaiweza na uko chumba kimoja na ruta au cha jirani. Kama ruta ina jina moja kwa bendi zote na laptopu inang'ang'ania 2.4, ilazimishe:

`nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" 802-11-wireless.band a`

Herufi `a` ni 5 GHz, `bg` ni 2.4.

Nichague chaneli ipi?

Kwenye 2.4 GHz ni 1, 6 au 11 pekee. Watu huona chaneli 3 iko tupu wakaikimbilia, ila chaneli ya 20 MHz ni pana kuliko nafasi kati ya namba moja na nyingine, kwa hiyo ukiwa 3 unagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Nao hawakusikii kama mwenzao wa kupokezana zamu. Wanakusikia kama kelele. Kukaa chaneli moja na jirani mkapeana zamu ni afadhali.

Tazama mtaa ulivyo kwa `nmcli device wifi list`. Kwenye 2.4 weka upana wa 20 MHz, kwani 40 hula sehemu kubwa ya bendi nzima na kwenye majengo ya ghorofa huleta hasara. Kwenye 5 GHz weka 80. Palipo na ruta nyingi, mfano ofisi au hosteli, shuka hadi 40.

Kuzima hali ya kuokoa umeme kunasaidia kweli?

Kwa baadhi ya kadi sana, kwa nyingine hutaona tofauti. Jaribu kwanza kwa muda:

`sudo iw dev wlan0 set power_save off`

Pima tena, na tazama `ping` (muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwa milisekunde) kuelekea ruta. Kadi inayosinzia hutoa ping inayorukaruka, 3 ms, 90 ms, 5 ms, 120 ms, bila sababu. Ikitulia baada ya kuzima, fanya iwe ya kudumu: tengeneza faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` lenye sehemu `[connection]` na mstari `wifi.powersave = 2`. Namba 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha. Betri itapungua kiasi, kwa hiyo usifanye kama kipimo hakijaonyesha faida.

Kompyuta yangu haioni Wi-Fi ya 5 GHz, au inaona chaneli chache tu.

Hakikisha kwanza kadi ina 5 GHz: `iw list` itaonyesha masafa ya 5000 na kuendelea. Kisha andika `iw reg get`. Ukiona `country 00`, Linux haijui uko nchi gani na inatumia kanuni za tahadhari za dunia nzima, ambazo hufunga au kubana chaneli nyingi. Iambie: `sudo iw reg set TZ`, au `KE`, `UG`, `CD` kulingana na ulipo. Kadi nyingi za Intel hujiamulia zenyewe, na utaona neno `self-managed`. Hizo hazisikii amri hii.

Nikiweka nchi nyingine nguvu ya kutuma itaongezeka?

Usifanye hivyo. Masafa yanasimamiwa na sheria, Tanzania chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA na Kenya chini ya CA, na baadhi ya chaneli za 5 GHz zinatumiwa na rada za hali ya hewa. Faida yenyewe ni ndogo, kwa kuwa kadi ikisukumwa kupita uwezo wake hupotosha mawimbi na kuanguka ngazi za MCS.

Niko hatua mbili kutoka ruta na kasi ya muunganisho haizidi 54 Mb/s.

Hiyo ni kasi ya juu ya 802.11g, kiwango cha mwaka 2003. Kuna kitu kimezima mambo yote yaliyokuja baadaye. Ninapokuta hivi, mshukiwa wa kwanza ni usalama wa ruta: ikiwa kwenye WEP au WPA ya TKIP, njia za zamani za kuficha data kwa nenosiri, kasi za 802.11n na kuendelea hazitumiki. Weka WPA2 yenye AES, au WPA3. Angalia pia kwamba WMM (mpangilio wa kuzipa pakiti kipaumbele) haijazimwa kwenye ruta.

Mshukiwa wa pili ni ushauri wa zamani uliokaa ndani ya laptopu. Miaka iliyopita watu wenye kadi za Intel zinazokatikakatika waliambiwa waweke `options iwlwifi 11n_disable=1`. Mstari huo huzima 802.11n na vilivyofuata, na bado unanakiliwa mpaka leo. Tazama kwa `grep -r 11n_disable /etc/modprobe.d/`, uufute, uwashe upya. Kwa FreeBSD tazama sehemu ya mwisho.

Vipi kuhusu BBR na mistari ya `sysctl` (mipangilio ya kerneli, kiini cha Linux) ya kuongeza kasi?

Kwa kipande cha hewani, karibu yote haina kazi. BBR, kanuni ya TCP ya kuamua kasi ya kutuma iliyoingia kerneli 4.9 mwaka 2016, hubadilisha namna kompyuta *inavyotuma*. Unapopakua, anayetuma ni seva, na `sysctl` yako haimfikii.

Mistari ya kupanua bafa za TCP (kumbukumbu ambamo data hungoja) nayo imepitwa na wakati. Fanya hesabu: laini ya 100 Mb/s kwenda Ulaya yenye mzunguko wa 200 ms inahitaji megabaiti 2.5 njiani kwa wakati mmoja. Linux hupanua bafa yenyewe, na kikomo chake cha kawaida cha kupokea ni takriban megabaiti 6 au zaidi, kulingana na kerneli. Umeshatosheka bila kugusa kitu.

Kasi ni nzuri, lakini mtu mmoja akipakua faili simu zetu za video zinakatika.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linahusu kile ambacho watu wanakitaka kweli. Mama anayeongea kwa video na mwanawe aliye Muscat hahitaji 300 Mb/s. Anahitaji 2, zisizokwama.

Kinachotokea ni foleni. Vifaa vingi vina bafa kubwa mno. Upakuaji mmoja huzijaza, na pakiti ndogo ya sauti inapofika hukuta mamia mbele yake. Ithibitishe: terminali moja iendeshe `ping 192.168.1.1`, nyingine iendeshe `iperf3`. Ping ikiruka kutoka 3 ms hadi 300, foleni iko hewani. Kisha piga ping ya nje, mfano 1.1.1.1, wakati mtu anapakua kutoka intaneti. Ikiruka hiyo peke yake, foleni iko kwenye laini ya mtoa huduma.

Linux ndiyo iliyoongoza dunia katika kutibu ugonjwa huu. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, kanuni inayoangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya foleni ina urefu gani, na mwaka huohuo `fq_codel`, iliyojengwa juu yake, ikaingia kerneli 3.5. Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kuwashawishi watengenezaji na kuijaribu kwenye ruta za bei ya chini. CAKE, kanuni nyingine ya kupanga foleni, ilifuata kwenye kerneli 4.19 mwaka 2018. Kwenye OpenWrt weka kifurushi `luci-app-sqm`, chagua `cake`, na uandike kasi iliyo kati ya asilimia 85 na 95 ya ile uliyoipima. Unatoa sadaka kasi kidogo ili foleni ihamie kwenye ruta yako, ambako kuna anayeipanga.

Hewani kuna dhuluma nyingine. Wi-Fi ya kawaida huwapa wote zamu sawa za kutuma. Fikiria foleni ya bomba ambapo kila mtu ana haki ya ndoo moja, lakini mmoja anajaza ndoo yake kwa kikombe. Wote watamngoja. Ndivyo simu moja kuukuu iliyo mbali, inayotuma kwa 6 Mb/s, inavyoirudisha nyuma nyumba nzima. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha tiba kwenye Linux: gawa *muda* wa hewani sawasawa badala ya pakiti. Kazi hiyo ilianza na dereva ya `ath9k`, na madereva ya `ath10k` na `mt76` nayo yakaipokea. Ndiyo sababu ninapoulizwa ninunue ruta gani, huuliza kwanza kama OpenWrt inaikubali.

## Kadi na adapta

Nitajuaje nina kadi gani na dereva gani?

`lspci -nnk | grep -A3 -i network` kwa kadi ya ndani, `lsusb` kwa ya USB. Kisha `sudo dmesg | grep -i firmware` uone kama fimwea (programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe) imepakiwa. Ikikosekana, weka kifurushi cha fimwea cha mfumo wako.

Zilizo na dereva ndani ya kerneli ni rahisi kuishi nazo: Intel kwa `iwlwifi`, Qualcomm Atheros kwa `ath9k` hadi `ath11k`, MediaTek kwa `mt76`, Realtek mpya kwa `rtw88` na `rtw89`.

Nanunua adapta ya USB Kariakoo au Luthuli Avenue. Niulize nini?

Uliza chipu, maana jina la boksi halitoshi. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina chipu ya Atheros AR9271 na inafanya kazi Linux bila jasho, lakini matoleo ya 2 na 3 yana Realtek, kitu tofauti kabisa ndani ya ganda lilelile. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, na laptopu yako. Chomeka adapta kabla ya kulipa, andika `iw dev`. Muuzaji mzuri hatakataa.

Nyumbani andika `lsusb -t`. Ukiona `480M` pembeni ya adapta, iko kwenye USB 2, na hata ikiwa imeandikwa 1200 haitapita hapo.

Nikichomeka diski ya USB 3, Wi-Fi inakufa.

Si bahati mbaya. Intel ilichapisha uchunguzi mwaka 2012 ukionyesha USB 3 hutoa kelele ya redio inayofunika 2.4 GHz. Hamia 5 GHz, au sogeza diski mbali kwa kebo ndefu yenye kinga.

## Hali za pekee

Natumia FreeBSD na kadi ya Intel, kasi ni ya kizamani.

Dereva ya `iwlwifi` ilipoingia FreeBSD 13.1 ilifanya kazi kwa viwango vya a, b na g tu, hivyo 54 ndiyo ilikuwa dari. Toleo la 14.3 la mwaka 2025 lilileta 802.11n na 802.11ac kwa dereva hiyo, basi panda toleo kwanza. Wasioweza kupanda hutumia `wifibox`, ambayo huendesha Linux ndogo ndani ya bhyve (kiendeshi cha mashine pepe cha FreeBSD) na kuikabidhi kadi. Ni njia ndefu, ila inafanya kazi. Kwenye OpenBSD huna haja ya kusakinisha chochote ili upime: `tcpbench` imo tayari.

Wi-Fi ya 5 GHz hupotea kama dakika moja kisha hurudi.

Ruta iko kwenye chaneli za rada, 52 hadi 144. Ikidhani imesikia rada lazima ihame, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwa sekunde 60. Weka chaneli 36 hadi 48.

Ping huruka kila baada ya dakika chache, halafu inatulia.

Kadi inaondoka kwenye chaneli yake kutafuta Wi-Fi nyingine. Funga dirisha la mipangilio ya Wi-Fi kama umeliacha wazi. Kama nyumba ina ruta moja, funga muunganisho kwenye anwani ya ruta hiyo kwa `802-11-wireless.bssid`, na NetworkManager itaacha kutafuta.

Nina laptopu mbili za mtumba, aina moja na kadi moja. Moja inapata nusu ya nyingine.

Andika `iw dev wlan0 station dump` kwenye zote mbili, zikiwa mahali pamoja, utazame mstari wa `signal`. Madereva mengi huonyesha kila antena peke yake ndani ya mabano ya mraba. Nzima itakuwa kama `-58 [-60, -61]`. Mbovu itakuwa kama `-60 [-60, -86]`, na muunganisho wake mara nyingi utasoma `NSS 1`.

Antena ya pili haijaunganishwa. Laptopu za mtumba nyingi zimefunguliwa kabla ya kukufikia, na vile viwaya viwili vyembamba vya Wi-Fi huchomoka kirahisi. Zima, toa betri, fungua kifuniko. Kwenye kadi utaona vifungo viwili vya dhahabu vidogo kuliko punje ya mtama. Kimoja kitakuwa kitupu na waya wake umelala pembeni. Uweke wima juu ya kifungo, usiulazimishe kwa ubavu, bonyeza kwa kucha mpaka usikie mlio mdogo. Washa, soma zile namba mbili ndani ya mabano tena. Zinapaswa kukaribiana.